Taa za Nyuma za Land Rova ya Mzee Hilali

Khatibu Sefu alikuwa fundi wa magari pale Kasulu, na kila dereva wa mji ule alijua mambo mawili juu yake: springi akizifunga yeye hazilii tena, na umeme haugusi. Ukimpelekea gari lenye breki mbovu, anaingia chini yake huku akiimba. Ukimwambia taa haziwaki, anafuta mikono na kusema, "Hilo kalitafutie mtu Kigoma." Akishasema hivyo, humtoi hapo.

Wengine walidhani ni maringo. Wengine walisema alipigwa na shoti wakati akijifunza kazi Ujiji, akaapa. Hakumsahihisha mtu.

Alizaliwa Muyama, kwenye vilima vya kuelekea Burundi. Baba yake alipofariki akalelewa na baba yake mdogo, mkulima mkali, na huko hakudumu. Akiwa kijana aliteremka hadi Ujiji, akapata kazi kwenye gereji ya Kalasinga mmoja aliyetengeneza malori. Kalasinga yule alimpenda. Khatibu alikuwa na masikio: aliweza kusimama kando ya injini inayounguruma na kusema ni valvu ipi inayogonga. Mambo yaliharibika siku alipoanza kufundishwa umeme. Aliambiwa unganisha hapa, akaunganisha pale. Taa zikiwashwa, honi inalia. Akaelekezwa tena na tena, akakosea vilevile, mpaka Kalasinga akatupa bisibisi chini na kusema, "Wewe vivu ya kichwa! Iko taka cheza tu!" Khatibu hakuwa anacheza. Alikuwa akijitahidi kuliko kazi nyingine yoyote aliyowahi kuifanya, na hakuelewa wenzake walikuwa wakikumbuka kwa njia gani. Mwishowe akafunga mzigo wake, akapanda lori la chumvi, akarudi milimani.

Kwa hiyo alipofika Kasulu akawa fundi wa chuma peke yake, na kazi haikumwishia. Mwaka ule wa sabini na nne watu walikuwa wakihamia vijijini, na malori yalipita mchana kutwa yamebeba milango, mapaa ya nyumba, kuku na wazee. Barabara zilichimbika. Springi zilivunjika. Khatibu alikula vizuri na kulala vizuri, ila alikuwa peke yake, na umri wake ulikuwa umeshavuka ule ambao watu huacha kukuuliza utaoa lini.

Mzee Hilali alikuwa na duka la vitambaa, chumvi na mafuta ya taa karibu na msikiti. Alikuwa pia na Land Rova kuukuu iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla yake, na kila mmoja alikuwa ameiachia kiraka chake. Kwa gari hilo alipeleka bidhaa Kibondo na kwenye soko la Kitahana. Dereva wake alikuwa Felisiani, mtu mpole aliyevuka mpaka kutoka Burundi pamoja na wazazi wake akiwa bado kijana, na mpaka sasa akistaajabu husema Kirundi kwanza.

Taa za nyuma za Land Rova ile zilikuwa na vituko. Felisiani akiwasha, ya kulia inawaka, ya kushoto kimya. Akikanyaga breki, zote mbili zinafifia. Gari likiingia shimoni, zinarudi ghafla zote, kisha zinapotea tena. Askari mmoja wa barabarani kule Kibondo akamwambia, "Safari ijayo, gari hili litalala hapa kituoni na wewe ndani yake."

Mzee Hilali akamfuata Khatibu gerejini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Najua utaniambia niende Kigoma. Usiniambie. Gari likienda Kigoma, Kitahana wanakula mboga bila chumvi."

"Mzee wangu, umeme sio kazi yangu."

"Njoo ulitazame tu. Kutazama siyo kazi."

Akaenda kutazama. Gari lilikuwa uani, nyuma ya duka. Kwenye baraza ya uani alikaa binti yake Mzee Hilali, Zuleha, na charahani yake. Zuleha alikuwa ameolewa Ujiji akaachwa, na watu walisema sababu ni mdomo wake. Alishona nguo za watu na kuuza nyuzi, vifungo na lastiki. Visanduku vya nyuzi vilipangwa mezani kwake kwa rangi, na mtu akileta kitambaa, Zuleha alimchagulia uzi wa kufanana nacho kwa kutupa jicho mara moja.

Khatibu alizunguka gari, akainama, akainuka, akasema alichokuwa akisema siku zote. Zuleha akasimamisha charahani.

"Fundi, hujui au hutaki?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Angesema hajui, lingekuwa neno gumu mbele ya mwanamke yule mwenye macho makali na shingo ndefu. Akajikuta akisema, "Sijakataa, dada. Nitazitengeneza taa."

Alifanya kazi siku nzima. Alisafisha matope, akafungua vioo vya taa, akakwangua kutu kwenye holda za balbu. Chini, karibu na chesisi, alikuta waya zimefungwa kwa kamba ya katani na kitambaa, baadhi zimechomoka. Akazitazama juani, akazitazama kivulini. Akachagua, akaunganisha, akamwambia Felisiani awashe. Taa zikawaka, kulia na kushoto. Akazima, akamwambia akanyage breki: zikawaka tena. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyeona zaidi ya hapo. Felisiani akapiga makofi. Mzee Hilali akaagiza chai. Khatibu akanywa akiwa na furaha iliyochanganyika na wasiwasi, kama mtu aliyevuka mto bila kujua kina chake.

Safari iliyofuata, Felisiani aliondoka Kasulu na shehena ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa. Nyuma yake alifuatwa na lori lililoendeshwa na mtu aitwaye Tharsisi. Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye mteremko wa daraja moja la magogo, si mbali na Kibondo. Ng'ombe walikuwa wanavuka. Felisiani akafunga breki. Tharsisi hakufunga.

Hakufa mtu, wala ng'ombe. Lakini mlango wa nyuma wa Land Rova ulikunjwa kama karatasi, madebe yakapasuka, mafuta yakaimwagikia chumvi yote, na Felisiani akaumia shingo kiasi cha kushindwa kugeuza kichwa. Tharsisi alishuka akipiga kelele.

"Kwa nini hukuonyesha breki?"

"Nimekanyaga!"

"Taa zako zinawaka kwa nguvu vilevile tangu giza lianze kuingia! Nitajuaje kama umesimama?"

Walijaribu palepale, Felisiani akikanyaga, Tharsisi akitazama kwa nyuma. Mambo yakajulikana. Waya zilikuwa zimepishana. Taa kali ya breki ilikuwa inawaka muda wote, na breki ikikanyagwa kinachoongezeka ni ule mwanga mdogo wa taa ya kawaida, usioonekana kitu.

Habari zilifika Kasulu kabla ya gari. Khatibu hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Hilali, akasimama mlangoni.

"Mzee, kosa ni langu. Mlango wa gari nitaunyoosha kwa mikono yangu. Chumvi nitailipa kidogo kidogo. Taa tafuta mtu mwingine."

Mzee Hilali alikuwa na hasira, lakini mtu anayekuja kwa miguu yake mwenyewe ni vigumu kumfokea. "Karibu uani," akasema. "Nyundo unayo?"

Khatibu akaanza kugonga bati. Aligonga kutwa, akinyoosha polepole asilipasue, bila kuimba. Zuleha alikuwa barazani akishona. Waya za taa zilikuwa zinaning'inia na kumsumbua, akataka kuzifunga pembeni.

"Dada, nipatie uzi kidogo, nizifunge hizi."

"Mikono yangu ina kazi. Chukua mwenyewe, ule mwekundu wa mwisho mezani. Umeoza, siuuzi."

Khatibu akafika mezani, akachukua uzi, akarudi garini.

"Fundi, nimesema mwekundu."

Akarudi, akaweka ule, akachukua mwingine uliokuwa jirani yake.

Zuleha akacheka. Kisha akaona uso wa Khatibu, na kicheko kikakatika. Uso ule haukuwa wa mtu anayetania. Ulikuwa wa mtu anayengojea kupigwa.

Akaacha charahani, akachukua visanduku vinne. "Njoo ukae hapa. Huu rangi gani?"

"Njano."

"Huu?"

"Buluu."

"Na hizi mbili?"

Khatibu akazitazama. Akazigeuza. Akazileta karibu na macho. "Unanijaribu," akasema kwa sauti ya chini. "Hizi mbili ni aina moja. Moja imechakaa kidogo."

Zuleha akainua mmoja mmoja. "Huu ni mwekundu, fundi. Huu ni wa kijani. Kwangu mimi, na kwa kila mtu anayekuja hapa, hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ni kama usiku na mchana."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu."

Khatibu akaketi juu ya tairi la akiba. Halafu akaanza kusema, na Zuleha, ambaye watu walisema hawezi kunyamaza, akanyamaza.

Alisema habari za Muyama. Wakati wa kuchuma kahawa, baba yake mdogo aliwaambia watoto wachume mbivu tu, nyekundu, waache zile za kijani. Wenzake walijaza vikapu mbio mbio. Yeye alikuwa akibonyeza kila punje kwa vidole kujua kama imelainika, na bado kikapu chake kilikuwa na mchanganyiko. Alipigwa kwa hilo kila msimu. Aliitwa mzembe. Alidhani wenzake nao wanabonyeza, ila vidole vyao vina akili kuliko vyake. Ndiyo sababu alitoroka. Kisha Ujiji, Kalasinga, waya.

"Kumbe wao walikuwa wanaona," akasema. "Walikuwa wanatazama tu, wanaona!" Akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka palepale, naye akayafuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni. "Basi si uvivu."

"Si uvivu," Zuleha akasema. "Mimi wameniambia miaka mingi nina mdomo. Nilikuwa naona jambo, nalisema, basi. Najua ladha yake hiyo."

Kisha Khatibu akaanza kuuliza kama mtu aliyefika mji mgeni. Nyanya sokoni ni nyekundu, na majani yake? Ya kijani. Kwa hiyo watu wanaona nyanya kutoka mbali, hawahitaji kuzitafuta? Ndiyo. Na njia hii ya kwenda Kibondo? Udongo mwekundu, migomba ya kijani pande zote mbili. "Basi dunia yenu ni nzuri sana," akasema.

"Ni nzuri," Zuleha akakubali. "Na sasa simama. Hizo taa utazitengeneza wewe."

"Mimi?"

"Mimi nina macho, wewe una kazi. Nielekeze nitazame nini."

Akavuta kigoda hadi nyuma ya Land Rova, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusafisha waya moja moja kwa kitambaa chenye petroli, akizitaja. "Huu mwekundu mtupu." Khatibu akasema huo ni wa taa za kawaida. "Huu kijani, una mstari wa zambarau." Huo wa breki. "Kijani na mstari mweupe." Indiketa. "Mweusi." Huo ni ethi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Yale maneno ya Kalasinga alikuwa ameyashika yote kichwani muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha yanahusu waya gani.

Zuleha akachukua uzi mweupe imara, wa kushonea magunia, akafunga fundo moja kwenye kila waya mwekundu na mafundo mawili kwenye ule wa breki, huku na huku, mbele na nyuma. "Sasa hata nikiondoka, vidole vyako vitaona."

Khatibu akapitisha vidole. Moja. Mbili. Akaanza kuimba.

Waya zilipokaa mahali pake, Felisiani, na kitambaa shingoni, akaja kukanyaga breki. Zuleha akasimama nyuma. "Kulia inawaka vizuri! Kushoto inafifia!"

Hapo Khatibu hakuhitaji macho ya mtu. Taa inayofifia wakati ikiombwa iongeze nguvu ina njia nyembamba ya kurudishia umeme. Akaufuata waya mweusi wa kushoto, akaukuta umefungwa kwenye bodi kwa skrubu iliyoliwa, pamejaa ungaunga wa kutu na matope makavu. Aliyeufunga zamani alidhani bati lolote linatosha. Khatibu akaukata, akaunga waya mpya kwa lehemu, akaushusha mpaka kwenye chesisi yenyewe, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akakaza kwa bolti na kupaka grisi juu ili maji yasiingie.

"Kanyaga!"

"Zote!" Zuleha akapiga kelele. "Zote mbili, kali! Achia! Kanyaga tena!"

Felisiani alikanyaga na kuachia mpaka Mzee Hilali akatoka dukani kuuliza kama wanataka kumaliza betri.

Safari hii Khatibu hakuridhika na kuambiwa. Alimtafuta Tharsisi, akamwomba wafuatane na Land Rova hadi Kibondo, naye akaketi kwenye lori mbele, karibu na dereva. Tharsisi hakuwa na kinyongo. Alikuwa na hofu tu iliyobaki. Kila mteremko, taa za Land Rova iliyokuwa mbele yao zilichomoka kali kutoka kwenye mwanga mdogo, kisha zikatulia. Khatibu hakuweza kusema ni rangi gani, lakini tofauti ya nguvu yake aliiona kama mtu yeyote. Kwenye daraja la magogo Felisiani alisimamisha gari makusudi. Tharsisi akasimama mapema, na nafasi ya kugeuza trela ikabaki katikati.

"Sasa naona," Tharsisi akasema.

"Hata mimi," Khatibu akajibu.

Baada ya hapo alipata sababu nyingi za kupita uani kwa Mzee Hilali. Mara kumwonyesha Zuleha waya wa lori fulani, mara kuuliza kama shati alilonunua linafaa Idi. Mwishowe akatuma mposaji, na kwa kuwa rafiki yake wa karibu alikuwa Felisiani, akamtuma Felisiani.

Mzee Hilali alimtazama dereva wake aliyevaa shati la kwendea kanisani.

"Yaani Khatibu amekosa Mwislamu wa kumtuma kuposa?"

"Ego, ndiyo, mzee. Amesema wengine wataongea sana. Mimi nitasema tu amenituma."

Mzee alicheka, kisha akawa mzito. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani mara moja akiwa na huzuni. Hakutaka arudi mara ya pili. Akamwita Zuleha, akamuuliza waziwazi. Zuleha akasema, "Aje mwenyewe. Nimuulize swali moja."

Khatibu akaja, amenyoa, kucha zake amezisugua kwa majivu. Zuleha akasimama mlangoni na kanga mpya.

"Kanga hii rangi gani?"

Khatibu aliitazama. Angeweza kubahatisha. "Sijui," akasema. "Itabidi uniambie."

"Nimekubali, baba," Zuleha akasema.

Walihamia Kibondo mwaka uliofuata, kwa sababu malori yalikuwa mengi na fundi wa umeme hakuwapo. Walijenga banda la mabati kwenye njia ya kwenda Kitahana, upande mmoja charahani na nyuzi, upande mwingine mtaro wa kuingilia chini ya magari. Mwanzoni madereva walishangaa. Mmoja, Havyarimana, aliyekuwa na pikapu ya kubebea maharage, aliona Zuleha akiinama kwenye waya zake akasema hataki gari lake lishikwe na mwanamke, akaliondoa. Akarudi baadaye, indiketa ya kulia ikiwaka anapokwenda kushoto. Hakuomba radhi. Aliketi kwenye benchi akanywa chai aliyopewa, na Zuleha akamwambia kila kosa alilolikuta, moja moja, kwa sauti, mbele ya watu. Havyarimana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta na gari la shemeji yake.

Khatibu hakuficha jambo lake tena. Mtu akimuuliza kwa nini mke wake anakaa pale, alisema, "Yeye ndiye anayeona rangi, mimi sizioni," kama mtu anavyosema kwamba yeye hutumia mkono wa kushoto. Baadhi walitaka kumjaribu kwa majani na vitambaa. Aliwaruhusu. Jambo lililomfurahisha zaidi lilikuwa kuamka asubuhi na kusikia gari lenye taa mbovu likisimama nje, na moyo wake usipige mbio.

Mwaka wa sabini na nane, mwanzoni mwa mvua, Felisiani alifika na Land Rova. Injini ilikuwa imezimika karibu na banda, naye hakutaka kusikia habari za jeki wala kamba. Alitaka gari lifike pakavu kabla ya mizigo kulowa. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Burundi na upepo ulishaanza kupindua mabati. Zuleha alikuwa na mtoto wao, Kudra, mgongoni. Akamkaza kwa mbeleko, akaegemeza bega kwenye gari upande mmoja, Khatibu akaegemeza upande wa pili, na Felisiani akashika usukani huku mlango ukiwa wazi na mguu wake mmoja ukisukuma ardhi.

"Shika breki tukifika!" Khatibu akapiga kelele.

"Nimeshika!"

"Hujashika!"

Gari likaingia chini ya bati wakati matone ya kwanza yanaanguka. Felisiani alishuka akihema, akasema Land Rova hii inaelekea itatuzika sote. Zuleha alikwisha kufunua boneti, akaanza kutaja anachokiona, na Khatibu akasogea karibu kusikiliza.